Mkia wa Herufi Mia na Ishirini

Mlango wa nyumba ya Kiranja ulikuwa na ukaidi wake. Ufunguo uliingia bila shida, lakini haukukubali kuzunguka mpaka mwenye nyumba auvute nje kidogo, kiasi cha unene wa ukucha, aunyanyue, kisha auzungushe huku ameegemea ubao kwa bega. Kwa miezi minane alikuwa ameuzoea ukaidi huo kama mtu anavyozoea jirani mwenye maneno mengi. Asubuhi ya Jumatatu ile, hata hivyo, ufunguo ulimgomea mara tatu wakati wa kufunga, naye akafika kazini amechelewa dakika nne. Kwa mtu mwingine dakika nne si kitu. Kwa Kiranja zilikuwa aibu ya siku nzima.

Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alibandikwa na wenzake wa maabara, kwanza kwa siri, kisha hadharani, kwa kuwa alikuwa ameisimamia meza yake kwa miaka kumi na tisa kama kiranja wa bweni asimamiavyo vitanda. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwembamba, mnyoofu, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye ukosi. Alijua kuwa jina lile lilianza kama kejeli. Alikata shauri kulichukua kama sifa, na tangu hapo kejeli ikawafia mdomoni walioianzisha.

Meza yake iliitwa meza ya ujumbe, na haikuitwa hivyo bure. Katika seli ya mwili, maagizo ya ujenzi yamehifadhiwa ndani ya kiini, yameandikwa katika DNA, nayo DNA haitoki humo. Kinachotoka ni nakala: uzi mmoja mwembamba uitwao RNA mjumbe, unaonakiliwa kutoka sehemu ile tu ya maagizo inayohitajika saa hiyo. Uzi huo hupenya kwenye vitundu vya kiini na kuingia katika uwanja wa seli, ambako mashine ndogo ajabu ziitwazo ribosomu huushika na kuusoma herufi tatu tatu, na kwa kila herufi tatu huunganisha kipande kimoja cha protini. Ukishasomwa mara kadhaa, uzi hutafunwa, ukapotea. Jambo hilo la mwisho ndilo lililomvutia Kiranja kuliko yote. Tangu alipolisikia mara ya kwanza, akiwa msichana wa shule, alijiuliza kwa nini seli ihangaike kuandika kitu kizuri namna ile kisha ikiharibu baada ya saa chache, na bado hakuwa amechoka kujiuliza.

Kazi yake ilikuwa kuutengeneza uzi huo nje ya seli, ndani ya kichupa cha plastiki kisichozidi kidole kidogo. Ujumbe alioutengeneza mara nyingi zaidi ulikuwa wa majaribio: uliagiza seli itengeneze protini inayong'aa kijani chini ya mwanga wa hadubini. Mtafiti akitaka kujua kama mbinu yake ya kupeleka ujumbe ndani ya seli inafanya kazi, aliupeleka ule wa kijani kwanza. Seli ziking'aa, mbinu ni nzuri. Zisipong'aa, kuna kasoro mahali.

Adui wa meza hiyo alikuwa ngozi ya binadamu. Jasho la kidole kimoja lina vimeng'enya vya kutosha kuutafuna ujumbe wote uliomo kichupani, kufumba na kufumbua. Kwa sababu hiyo Kiranja alikuwa amebandika ukutani karatasi yenye Sheria Tano, zilizoandikwa kwa mkono na kupigiwa mistari kwa rula. Ya kwanza, glavu mpya kila unapoketi. Ya pili, hakuna kuzungumza juu ya kichupa kilicho wazi. Ya tatu, meza ifutwe kabla na baada ya kazi. Ya nne, Kichupa Mama hakiguswi. Ya tano, anayevunja sheria aseme mwenyewe.

Hiyo ya nne ilihitaji maelezo kwa wageni, naye aliyatoa kwa fahari. DNA ambayo ujumbe wa kijani unanakiliwa kutoka kwayo ilifika miaka miwili iliyopita katika kichupa kimoja tu, na kila kichupa kinapotolewa kwenye barafu na kufunguliwa, hatari huingia pamoja na hewa. Basi yeye alikifungua mara moja. DNA yake, iliyoumbwa kama pete, aliipandikiza ndani ya bakteria, bakteria wakaongezeka na kuizidisha, kisha Kichupa Mama akakirudisha kwenye friza, akakifungia ndani ya kisanduku chenye kufuli. Kila akiba ilipokaribia kwisha, alichukua bakteria kidogo kutoka kizazi cha mwisho, akawakuza tena usiku kucha katika kabati la joto. Sasa alikuwa kwenye kizazi cha ishirini na mbili, na mama wa vizazi vyote hivyo hakuwa ameguswa hata kwa ncha ya pipeti, ule mrija wa kuchotea matone. Wenzake wa meza ya mapafu, waliochunguza seli za mapafu, na wale wa maabara ya hospitali, ng'ambo ya barabara, walichota akiba zao kutoka kwake, na hakuna aliyewahi kurudisha kitu kwa malalamiko.

Lakini seli zilikuwa zimeacha kung'aa. Hazikuacha ghafla. Mwaka wa kwanza zilimetameta kama majani baada ya mvua. Mwaka wa pili kijani kilianza kufifia, na watu wote wakailaumu taa ya hadubini, kwamba imezeeka. Taa mpya ilipofungwa na giza likabaki lile lile, lawama ikatafuta mahali pengine pa kukaa.

Ilipata pa kukaa Jumatatu ile, katika kikao cha asubuhi. Aliyeileta alikuwa Mtafiti, kijana wa miaka ishirini na tisa aliyejiunga nao mwezi wa tatu, mwenye akili kali na mwendo wa mtu anayewahi kitu. Alieleza kwamba majaribio yake matatu yameanguka mfululizo. Alikuwa amepima seli, mafuta yanayoufungasha ujumbe, hata maji. Mkuu wa maabara, mzee mtulivu aliyependa watu wamalize sentensi zao, akamuuliza anataka kusema nini hasa.

Mtafiti alimgeukia Kiranja. Alionekana kuwa amelala na maneno yake.

"Mama, sisemi mikono yako ni michafu. Nasema kuna kitu kinaula ule uzi kabla haujafika kwangu. Na kabla haujafika kwangu, unakuwa kwako."

Fundi wa friza aliinamisha uso kwenye kikombe chake cha chai kana kwamba kulikuwa na maandishi humo. Kiranja hakujitetea. Alikaa wima, mikono mapajani, akasubiri Mkuu aseme.

Mkuu alisema kwa upole, jambo lililofanya maneno yake yawe mazito zaidi. Jaribio la nne lingefanyika wiki hiyo. Ijumaa saa nne asubuhi wangetazama wote pamoja. Ikithibitika kwamba kasoro inatoka meza ya ujumbe, meza ingekabidhiwa kwa Mtafiti, naye Kiranja angehamia stoo na chumba cha kuoshea vyombo mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Akamuuliza kama ana neno.

"Sina, Mkuu," alisema Kiranja. "Nitakuwa nalo Ijumaa."

Jumanne alianza na swali rahisi kuliko yote: je, ujumbe umetafunwa? Alichota tone, akalitia kwenye kishimo cha jeli, akawasha umeme, akaketi kusubiri. Umeme huzikokota nyuzi ndani ya jeli, fupi zikitangulia na ndefu zikibaki nyuma. Ujumbe uliotafunwa huacha ukungu mrefu, kama chaki iliyofutwa kwa kiganja. Ujumbe mzima huacha mstari mmoja.

Uliacha mstari mmoja, mkali, safi kama uliochorwa kwa rula yake mwenyewe.

Alimwita Mtafiti aje aone. Kijana aliinama juu ya picha kwa muda mrefu, akaigeuza, akaisogeza dirishani. Hakutafuta pa kutokea, na Kiranja, ambaye alikuwa amejiandaa kumpa kisogo, alilazimika kuliheshimu hilo.

"Ni mzima," Mtafiti alisema. "Samahani, mama. Nimekukosea."

"Samahani yako iweke kwanza. Kama ni mzima, mbona seli hazitaki kuusoma?"

Swali hilo lilikuwa limewabana wote wawili kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu Mtafiti alivuta kiti akakaa. Kiranja aliona jambo jingine pia katika picha ile, akalipuuza: mstari ulikuwa umesimama chini kidogo ya mahali ulipozoea kusimama, labda kwa unene wa unywele. Alijiambia kuwa jeli hazilingani siku zote.

Siku nzima aliuchambua ujumbe kichwani kama mtu anayetafuta sindano ndani ya nguo. Mbele kabisa una kofia, herufi moja iliyogeuzwa kinyume, ambayo seli huikagua kama mlinzi anavyokagua kitambulisho. Hiyo Mtafiti alikuwa ameshaipima wiki iliyopita, ikaonekana ipo. Baada ya kofia kuna kipande kisichosomwa, pa kutua ribosomu. Kisha ujumbe wenyewe, unaofunguliwa kwa herufi tatu za kuanzia na kufungwa kwa herufi tatu za kukomea. Na nyuma kabisa kuna mkia. Mkia hauagizi chochote. Ni herufi A tupu, moja baada ya nyingine, mia na ishirini kwa hesabu aliyoagiza yeye mwenyewe. Watu wengi huuona kama takataka. Lakini ndio unaoulinda uzi usitafunwe upesi, na ndio unaoshikana na kofia, kwa mikono ya protini za seli, ujumbe ukajikunja kama mkanda uliofungwa kiunoni na ribosomu zikazunguka humo tena na tena.

Jumatano asubuhi aliupima mkia. Alikuwa na kopo la shanga za sumaku, ndogo kiasi cha kuonekana kama maji ya kutu, kila moja ikiwa imevishwa nyuzi fupi za herufi T. A na T huvutana. Ujumbe wenye mkia ukipitishwa hapo, hunaswa, na ukimwaga maji unabaki kwenye shanga. Aliupitisha ujumbe wake, akasogeza sumaku, akayamwaga maji kwenye kichupa kingine, akapima vyote viwili.

Shanga zilikuwa tupu. Ujumbe wote ulikuwa kwenye maji yaliyomwagwa.

Alirudia. Mara ya pili alimkabidhi Mtafiti pipeti, ili pasiwe na shaka kuhusu mkono wa mtu. Jibu likawa lile lile.

Mtafiti alishangaa waziwazi. Alisema labda kuna kimeng'enya kinachoukata mkia pekee. Kiranja alitikisa kichwa. Kimeng'enya cha jasho hakichagui, alimweleza, hutafuna popote kinapokuta upenyo, na hapo pangeonekana ukungu kwenye jeli. Hizi zilikuwa nyuzi mabilioni na mabilioni, zote zimeishia mahali pamoja. Hazikukatwa. Zilizaliwa hivyo.

"Basi zimezaliwa na nani?" aliuliza Mtafiti.

Faili ilikuwa na karatasi ya waliotengeneza DNA, yenye muhuri, ikithibitisha herufi mia na ishirini. Kiranja alirudi nyumbani saa kumi na moja jioni na swali hilo likimtembea kichwani.

Kaka yake mkubwa alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, kofia magotini. Alikuwa mchonga funguo, na kibanda chake kilikuwa mwisho wa mtaa ule ule. Kila Jumatano alifunga mapema akaja kunywa chai kwa mdogo wake, desturi waliyoianza Kiranja alipomzika mumewe. Kiranja alimwamkia, kaka akaitika, akasogea kumpisha. Kisha akamtazama anavyovuta, anavyonyanyua na anavyosukuma kwa bega.

"Unafungua mlango au unapigana nao?"

"Una kiburi huu, kaka. Uache."

"Mlango hauna kiburi. Mwenye kiburi namjua. Lete huo ufunguo."

Aliuweka kwenye kiganja, akausogeza karibu na jicho la kulia, lile la kazi, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye meno yake. Kisha akaanza kucheka polepole, kicheko cha fundi aliyekuta kazi ya fundi mwingine. Aliuliza nani aliuchonga. Kiranja alikiri kwamba kaka alipokuwa amelazwa, aliupeleka ufunguo wa binti yake kwa mchongaji wa sokoni. Na ule wa binti ulichongwa kutoka wapi? Kutoka ule wa marehemu. Na ule wa marehemu? Kutoka ufunguo wa kwanza, uliokuja na kitasa.

"Basi huu si mtoto, mdogo wangu. Huu ni kitukuu. Kila ukichonga, jiwe linakula unywele. Mara moja huoni. Mara tatu, unaegemea mlango kwa bega." Aliufuta ufunguo kwenye shati. "Wa kwanza uko wapi?"

"Uko kwenye droo. Nimeufungia. Sikutaka uchakae."

Kaka alicheka mpaka akakohoa, na alipopata pumzi akasema kitu ambacho hakujua uzito wake.

"Yaani mzima umeuficha usije ukaharibika, halafu mbovu ndio unazalisha wabovu wenzake."

Kiranja alibaki amesimama kizingitini, mkono kwenye kitasa. Kaka alifikiri amemkera, akaanza kulainisha maneno, kwamba hata wateja wake hufanya hivyo, kwamba Jumapili angemchongea mwingine kutoka ule wa droo. Lakini mdogo wake hakuwa akimsikia. Alikuwa akiisoma kichwani karatasi ya Sheria Tano iliyo ukutani, maili mbili kutoka pale, mstari wa nne.

Chai waliinywa. Kiranja alibishana na nafsi yake kikombe kizima. Bakteria si jiwe la kuchongea. Hunakili DNA kwa uaminifu wa kutisha, herufi milioni bila kosa. Hata hivyo, hunakili kwa uaminifu palipo na herufi tofauti za kushikilia. Mpe mtu shanga mia na ishirini za rangi moja, mwambie azihesabu mara kwa mara, na siku moja ataruka moja au mbili. Na bakteria aliyeruka hapungukiwi kitu, kwa sababu mkia ule si wa kwake. Pete fupi ni mzigo mwepesi, naye mwenye mzigo mwepesi hutangulia.

Alhamisi alifika saa moja kamili. Alifungua faili, akatoa kikaratasi kilichokuja na Kichupa Mama. Alikuwa amekisoma miaka miwili iliyopita. Sentensi ya pili, iliyosema kichupa kitunzwe kwenye baridi kali na kisifunguliwe bila sababu, ilikuwa imepigiwa mstari kwa rula na wino mwekundu. Ya tatu haikuwa na mstari. Ilisema bakteria wakuzwe kwenye joto la nyuzi thelathini, siyo thelathini na saba, na kwamba kila akiba mpya ianzie kwenye kichupa cha mwanzo, kwa kuwa mkia hufupika.

Aliisoma mara moja tu. Hakuhitaji ya pili.

Kisha akavaa glavu mpya, akafungua kufuli la kisanduku, akakitoa Kichupa Mama. Kilikuwa kimevaa ukungu wa barafu, na maandishi ya mwaka ule yalikuwa ya mwandiko wake, yaliyonyooka, yasiyo na shaka hata kidogo. Kilipoyeyuka alichota matone mawili. Tone moja alilitumia kutengeneza ujumbe mpya, akamkabidhi Mtafiti adhuhuri kwa maelezo mafupi kwamba ameanza na DNA nyingine. Kijana alikuwa na haraka ya kuwahi seli zake, hakuuliza zaidi.

Tone la pili alibaki nalo peke yake. Kwa kimeng'enya cha kukatia alikikata kile kipande chenye mkia, pande zote mbili. Alifanya vivyo hivyo kwa DNA ya kizazi cha kwanza, cha nane, cha kumi na tano na cha ishirini na mbili, ambazo zote alikuwa amezihifadhi, kwani Kiranja hakuwahi kutupa kitu chenye tarehe. Akavipanga vishimo vitano kwenye jeli ngumu, akawasha umeme.

Picha ilipotoka, aliiweka mezani na kuketi mbele yake. Mstari wa Kichupa Mama ulisimama juu. Wa kizazi cha kwanza ulikaribiana nao. Wa nane ulikuwa umeshuka. Wa kumi na tano umeshuka zaidi. Wa ishirini na mbili ulikuwa umezama chini kabisa, na kwa kipimo cha rula mkia wake haukuzidi herufi kumi na moja. Ilikuwa ngazi. Miaka miwili ya uangalifu wake, kidato kwa kidato, ikiteremka.

Hapo ndipo alipokuwa na uchungu wa kweli, na ulikuwa na sura asiyoitarajia. Angeweza kunyamaza. Kesho seli zingeng'aa. Mkuu angeomba radhi mbele ya watu, Mtafiti ameshaomba, na hakuna mtu duniani aliyeijua picha hii isipokuwa yeye na jeli. Angeanza upya kutoka Kichupa Mama kimyakimya, na sheria ya nne ingebadilishwa siku moja ya mapumziko. Lakini ng'ambo ya barabara kulikuwa na friza yenye vizazi vyake, na kwenye meza ya mapafu nyingine, na watu humo waliokuwa wakilaumu taa zao na mikono yao. Aliitia picha ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa koti, na akaenda nyumbani, mlango ukamgomea kama kawaida.

Ijumaa saa nne walisongamana kwenye chumba cha hadubini, wamezima taa. Mtafiti aliinama, akazungusha gurudumu dogo la kulenga, akatulia. Kisha akasimama na kumpisha Mkuu. Mwanga wa kijani ulimpiga Mkuu usoni hata kabla hajafika kwenye tundu la jicho. Seli zilikuwa zimejaa, moja baada ya nyingine, zikimetameta kama mwaka wa kwanza.

Taa zilipowashwa, Mkuu alimgeukia Kiranja. Alisema, kwa utaratibu wake, kwamba mikono ya mtu ilikuwa imeshukiwa bila haki katika chumba hiki, na kwamba yeye kama mkuu anaomba radhi. Watu wakaanza kupiga makofi. Kiranja aliinua mkono kuwanyamazisha, akaitoa bahasha.

"Mikono ilikuwa safi," alisema. "Kasoro ilitoka kwenye meza yangu hata hivyo. Ni sheria ya nne. Niliitunga mimi."

Akaiweka picha mezani na kuwaeleza kidato kwa kidato, bila kupamba na bila kujidunisha. Aliwaambia kuhusu sentensi aliyoipigia mstari na ile aliyoiacha. Aliwataja wenye akiba zinazotokana na yake, na akaomba wajulishwe kabla ya saa sita mchana ule. Mwisho akamkumbusha Mkuu maneno yake ya Jumatatu, kwamba kasoro ikitoka meza ya ujumbe, meza ina mwenyewe mwingine. Alipomaliza alishika ukingo wa meza.

Mkuu aliisogeza picha karibu. Alisema neno lake la Jumatatu bado ni neno lake, kwa hiyo ufunguo wa kisanduku na utunzaji wa akiba zote utakuwa kwa Mtafiti kwa mwaka mmoja. Lakini ujumbe wenyewe utaendelea kutengenezwa na mikono iliyoutengeneza, kwa kuwa hajaona mingine ya kuipita. Karatasi ya ukutani iandikwe upya, isainiwe na wawili.

Ilimuuma. Alikitoa kile kifunguo kidogo kwenye mnyororo wake na kukiweka kwenye kiganja cha Mtafiti, na kijana akakipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa kitu cha moto.

Baada ya watu kutawanyika, walibaki wawili mbele ya friza. Mtafiti, akitaka kuanza vizuri, alishika ndoo ya taka na kuuliza kama atupe vizazi vyote vya zamani, kwa kuwa vimeharibika.

"Ngoja kwanza," alisema Kiranja.

Alikuwa ameinama juu ya rafu, akisoma tarehe. Vichupa ishirini na viwili, vimepangwa kwa safu. Ujumbe ni ule ule, kofia ile ile, maneno yale yale. Kilichotofautiana ni mkia tu, kila kimoja na urefu wake, kutoka karibu mia na ishirini mpaka kumi na moja. Kama mtu angetaka kuvitengeneza kwa makusudi, angefanya kazi mwaka mzima, na yeye alikuwa amevitengeneza bila kujua.

"Hivi mkia unapaswa kuwa na herufi ngapi ndipo seli iukubali?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya msichana wa shule. "Sabini zinatosha? Arobaini je? Na ule wa arobaini utang'aa kwa saa ngapi kabla haujatafunwa?"

Mtafiti alivitazama vichupa, akamtazama yeye, akairudisha ndoo chini.

"Sijui, mama."

"Hata mimi sijui. Lete rula."

Akavuta kiti, akafungua ukurasa mweupe wa daftari, akaanza kupiga mistari: ishirini na miwili kwenda chini, na kwa upande, saa. Alipofika saa ya arobaini na nane karatasi ilimwishia, akabandika nyingine.